Wajibu wa Serikali na Bunge katika Mageuzi ya Taasisi za Umma: Mfano wa Mifuko ya Pensheni

Wizara kugawanywa, taasisi kuunganishwa na mamlaka mpya kuundwa ni mambo yanayotangazwa mara kwa mara nchini. Mwananchi anayefuatilia matangazo hayo hana budi kufahamu kwamba si yote hupita njia moja. Yapo yanayokamilika kwa uamuzi wa Rais, na yapo yasiyoweza kutekelezwa hadi Bunge litunge sheria.

Ibara ya 36 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi wa Serikali. Kwa upande mwingine, Ibara ya 63 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali, pamoja na kutunga sheria pale utekelezaji unapohitaji sheria. Hivyo, taasisi iliyoundwa kwa sheria haiwezi kufutwa kwa tangazo pekee; sheria iliyoiunda lazima ifutwe au irekebishwe.

Katika hali hiyo, Serikali huandaa muswada na kuuchapisha katika Gazeti la Serikali. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, muswada hupelekwa katika Kamati ya Bunge inayohusika, ambako wadau hualikwa kutoa maoni. Hufuata mjadala wa kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima inayopitia kifungu kwa kifungu, kisha kusomwa mara ya tatu. Muswada huwa sheria baada ya kupata kibali cha Rais.

Mfano unaowagusa watumishi wengi ni kuunganishwa kwa mifuko ya hifadhi ya jamii. Kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2018, mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa na kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanza kazi tarehe 1 Agosti, 2018. Watumishi wa sekta binafsi wakabaki chini ya NSSF.

Hata hivyo, kutungwa kwa sheria hakukumaliza suala hilo. Kikokotoo cha mafao, yaani kanuni ya kukadiria kiasi anacholipwa mstaafu kwa mkupuo na kile anachopokea kila mwezi, kiliwekwa katika kanuni zinazotungwa na Serikali. Kabla ya kuunganishwa, wanachama wa baadhi ya mifuko walilipwa mkupuo wa asilimia 50, na wengine asilimia 25. Kanuni za mwaka 2018 zilipoleta asilimia 25 kwa wote, watumishi walilalamika, na Desemba mwaka huo Rais John Pombe Magufuli akaelekeza vikokotoo vya awali viendelee kutumika hadi mwaka 2023.

Julai 2022 kilianza kutumika kikokotoo kimoja cha asilimia 33. Wabunge waliendelea kulizungumza suala hilo bungeni, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilitangaza nyongeza: asilimia 40 kwa kundi lililokuwa limeshuka kutoka asilimia 50, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa limepanda kutoka asilimia 25.

Mfano huu unaonesha kwamba sheria huweka chombo, lakini mara nyingi kanuni ndizo zinazoamua kiasi kinachomfikia mwananchi. Ibara ya 97 ya Katiba inaruhusu Bunge kukabidhi madaraka ya kutunga kanuni hizo, nalo hubaki na wajibu wa kuzifuatilia kupitia Kamati ya Sheria Ndogo. Matumizi ya fedha za taasisi hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake huwasilishwa kwa Rais na kisha bungeni.

Kwa hiyo, mwananchi anaposikia tangazo la mageuzi, ajiulize kwanza: ni uamuzi wa kiutawala, muswada au kanuni? Kama ni muswada, maoni yake yana nafasi mbele ya Kamati kabla haujapitishwa. Kama ni kanuni, mbunge wake anaweza kumhoji Waziri anayehusika.