Umoja na Wingi wa Majina ya Vyakula vya Kigeni katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika pwani yetu ya kusini, tangu Kilwa hata Lindi, mti mmoja watosha kutufundisha jinsi Kiswahili kinavyogawa umoja na wingi kwa vyakula vilivyotoka ng'ambo. Mti huo ni mkorosho, uitwao pia mkanju. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioueneza katika Bahari ya Hindi. Jina la mkanju latokana na caju yao. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakaihama mwaka 1512, muda mfupi mno kupanda msamiati. Yaelekea zaidi kuwa maneno yao yaliletwa na biashara ya miaka mingi iliyofuata.

Tunda la mti huo ni bibo, yakiwa mengi ni mabibo. Mbegu yake ni korosho, iwe moja au gunia zima. Mgeni ni mmoja, lakini tunda limetiwa ngeli hii na mbegu ngeli ile. Ukubwa una neno lake hapa, ila naona matumizi yana nguvu zaidi. Bibo hushikwa mkononi likaliwa papo hapo chini ya mti. Korosho hukusanywa, hukaushwa, hupimwa na kupelekwa ghalani.

Wako wasemao kwamba yatupasa kufuata hesabu ya lugha iliyotukopesha: chipsi na slesi ni wingi kwa Waingereza, basi kusema "slesi hii" ni kosa. Hoja hii haina mizizi katika historia. Zabibu kwa Kiarabu ni jina la jumla, nasi twasema zabibu moja bila haya. Pera ya Wareno ni tunda jingine kabisa, na wingi wake kwao si mapera. Tulipopokea kitabu hatukupokea kutub, tulifanya vitabu.

Shida iliyobaki ni ile ya i- na zi-. Kamusi huandika i-/zi- kisha ikanyamaza, na mwanafunzi wa Kilwa Masoko hukatwa alama kwa kuandika "korosho imepanda bei". Mtihani ukimhukumu hivyo, wamhukumu pia baba yake aliyeipeleka korosho hiyo mnadani. Imepanda, kwa kuwa hapo ni bidhaa. Lakini "korosho zimeoza", kwa kuwa macho yaziona moja moja. Pilau na halua hazina mgogoro huu, kwani hakuna azihesabuye.

Chapati, neno la Kihindi, huhesabiwa kila asubuhi, na wengine wamekwisha kuziita machapati. Mimi siandiki hivyo. Hata hivyo siwezi kuwalaumu, kwa maana wanalitendea neno hilo yale yale ambayo wazee wetu waliitendea pera.