Maua ya Usui

Ukitoka Biharamulo kwenda Ngara unakanyaga nchi iliyoitwa Usui, ya mtemi Suwarora. Mwaka 1861 Speke na Grant walikwama huko wakidaiwa hongo. Speke tunamjua kwa Nile. Mimi namfuata Grant, aliyekuwa akikusanya mimea na kuchora kwa rangi za maji.

Ua halisubiri, jamani. Ukilibana kwenye karatasi likauke, umbo linabaki lakini rangi inakwenda. Basi rangi ni siku hiyohiyo, na rangi za maji ukikosea doa halitoki. Leo kijana wa Ngara anachora kwenye simu, anafuta kwa kidole, anarudia hata mara ishirini.

Mimea ya Grant ilifika Kew imekauka. Linnean Society ya London ilipoichapisha, 1872 hadi 1875, mchoraji alikuwa Walter Hood Fitch. Majani makavu mezani, na yeye alitakiwa ayasimamishe tena kama yako porini! Kazi nzuri kweli. Jina lake limo pembeni mwa picha. La mpagazi aliyebeba zile karatasi kutoka Usui halimo.