Makhan Singh: Malenga aliyeasisi vyama vya wafanyakazi nchini

KILA mwaka ifikapo Mei 1, viongozi wa wafanyakazi hukutana na kutaja majina ya waliopigania haki za wavuja jasho nchini Kenya. Jina la Makhan Singh halisikiki sana, ilhali ndiye aliyeweka jiwe la msingi la harakati hizo, na akalipa kwa kunyimwa uhuru wake kwa zaidi ya miaka 11.

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Aliletwa Nairobi mwaka wa 1927, akiwa na umri wa miaka 13, kuungana na babake, Sudh Singh, fundi seremala wa reli ambaye baadaye alifungua kiwanda cha uchapishaji.

Angali kijana, alitunga mashairi kwa lugha ya Kipunjabi na kuyasoma mbele ya hadhira. Katika tungo hizo alikemea utawala wa kigeni. Baada ya masomo ya sekondari alifanya kazi katika kiwanda cha babake, na huko ndiko kalamu yake ilikokutana na shida za mafundi na vibarua. Matbaa iyo hiyo ilitoa vikaratasi vya kuwahimiza wafanyakazi waungane, vikiwemo vya Kiswahili.

Mnamo 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi cha Labour Trade Union of Kenya. Msimamo wake ulikuwa mmoja: chama kiwe wazi kwa watu wa rangi zote, jambo lililowakera wakoloni waliozoea kuwatenganisha Waafrika na Wahindi. Mwaka wa 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62 jijini Nairobi. Waajiri walisalimu amri na kukubali nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 15 na 22.

Alisafiri kwenda India mwishoni mwa 1939, akajiunga na harakati za wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini Ahmedabad. Waingereza walimkamata mwaka wa 1940, wakamweka kizuizini hadi 1945. Alipofunguliwa alifanya kazi katika gazeti la chama cha Kikomunisti huko Punjab. Alirejea Kenya Agosti 1947 na papo hapo serikali ikaanza njama za kumfukuza, lakini akakataa katakata kuondoka.

Mnamo Mei 1, 1949, Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la East African Trade Union Congress, Kubai akiwa rais naye katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili. Hata hivyo, Aprili 23, 1950, katika mkutano wa hadhara ukumbini Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alidai hadharani kwamba maeneo ya Afrika Mashariki yapewe uhuru kamili mara moja. Wakati huo, wengi wa wanasiasa waliomba tu marekebisho.

Wawili hao walitiwa mbaroni Mei 15. Wafanyakazi wa Nairobi walijibu kwa mgomo mkuu uliodumu zaidi ya wiki moja. Mbele ya mahakama mjini Nyeri, Makhan Singh hakuficha kwamba alikuwa Mkomunisti, wala hakukiri kwamba Uingereza ilikuwa na haki ya kuitawala Kenya. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hadi alipoachiliwa Oktoba 22, 1961.

Asante ya punda ni mateke. Bendera ya Kenya huru ilipopandishwa mwaka wa 1963, mzalendo huyu hakupewa wadhifa wowote wa maana, kwani siasa zake za mrengo wa kushoto hazikuwapendeza watawala wapya. Alirudi kwenye kalamu, safari hii akiandika historia. Kitabu chake kuhusu vyama vya wafanyakazi nchini hadi 1952 kilichapishwa mwaka wa 1969. Cha pili kilitoka 2007, miaka mingi baada ya yeye kuaga dunia jijini Nairobi mnamo Mei 18, 1973, akiwa na umri wa miaka 59.

Kipengele cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Mchumaji majani chai anayetoka Masimba, Kisii, kwenda kutafuta riziki katika mashamba ya Sotik au Kericho ana haki hiyo leo. Huenda hajapata kulisikia jina la Makhan Singh, lakini ni miongoni mwa warithi wake.