Samaki wa maabara wafichua sura mbili za kafeini

KATIKA vijiwe vya Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata huambatana na mazungumzo ya biashara, soka na siasa. Wengi hunywa ili kuondoa uchovu. Lakini je, kafeini iliyomo humfanya nini mtu ambaye tayari ana msongo wa mawazo?

Sehemu ya jibu imetokana na samaki mdogo mwenye asili ya Asia ya Kusini, ambaye kitaalamu huitwa Danio rerio. Kutokana na milia yake, anaweza kuitwa samaki pundamilia. Takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina jeni inayolingana nazo kwa samaki huyo. Aidha, homoni yake kuu ya msongo, kotisoli, ndiyo ile ile ya binadamu.

Akiwekwa katika tangi geni, kwanza hukaa chini kwa woga, kisha hupanda juu kadiri anavyozoea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, samaki waliowekwa kwenye maji yenye kafeini ya miligramu 100 kwa lita walionyesha dalili zaidi za woga.

Kuhusu kumbukumbu, kiasi ndicho huamua. Katika baadhi ya majaribio, kafeini nyingi ilidhoofisha uwezo wa samaki kutofautisha vitu walivyokwisha kuviona, ilhali kiasi kidogo hakikuleta athari hiyo.

Sababu ni kwamba kafeini huizuia adenosini, kemikali inayouarifu ubongo kuwa mwili umechoka. Uchovu wenyewe hauondoki. Taarifa yake ndiyo huzuiwa.

Hata hivyo, samaki si binadamu, na kipimo cha tangi hakiwezi kugeuzwa kuwa idadi ya vikombe. Kwa binadamu, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kuwa hadi miligramu 400 kwa siku si tatizo kwa mtu mzima mwenye afya njema, na 200 kwa mjamzito. Chai nayo huhesabiwa.

Nusu ya kafeini huchukua takriban saa tano kutoka mwilini. Hivyo, mwanafunzi anayekesha kwa ajili ya mtihani, au mfanyabiashara mwenye wasiwasi wa deni, akumbuke kuwa kikombe cha usiku chaweza kumnyima usingizi, ambao ndio huimarisha kumbukumbu.