Mipaka ya Kata na Uzito wa Kura: Somo la Mwananyamala

Utangulizi

Katika vikao vya Chama na katika mabaraza ya madiwani, suala la mipaka ya kata hujadiliwa mara nyingi kama suala la utawala tu: ofisi ijengwe wapi, mtendaji apatikane lini, posho ya diwani itoke kifungu gani. Katika makala haya tunakusudia kulieleza kama suala la siasa, yaani suala la nani ana sauti na kwa kiasi gani. Tumechukua Mwananyamala, katika wilaya ya Kinondoni, kuwa mfano wetu, kwa sababu historia ya sehemu hiyo inaonyesha waziwazi jinsi watu wanavyohama na mipaka ikabaki nyuma yao.

Msingi wa hoja yetu ni imani ya usawa wa binadamu, ambayo TANU iliiweka katika Katiba yake na Azimio la Arusha la 1967 likaikariri mwanzoni kabisa. Kama binadamu wote ni sawa, basi kura zao nazo lazima ziwe na uzito unaolingana. Sasa tutazame baraza la madiwani. Pamoja na wabunge na madiwani wa viti maalum, baraza lina diwani mmoja wa kuchaguliwa kwa kila kata. Baraza linapoamua jambo huhesabu mikono ya wajumbe, wala haliulizi nyuma ya kila mkono wako watu wangapi. Kata ya watu 15,000 ina mkono mmoja, na kata ya watu 90,000 ina mkono mmoja. Kwa hiyo anayechora mpaka wa kata huwa ameshapima uzito wa kura kabla sanduku halijafunguliwa.

Mipaka ya mkoloni

Dar es Salaam ya mkoloni ilipangwa kwa rangi. Utaratibu ulioanzishwa na Wajerumani, na kuendelezwa na Waingereza baada ya kuuteka mji mwaka 1916, uliugawa mji katika kanda tatu kwa kisingizio cha aina ya majengo na afya: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini huko Kariakoo na baadaye Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha Uhindini na Uswahilini. Kwa maneno ilikuwa mipaka ya ujenzi. Kwa vitendo ndiyo iliyoamua maji ya bomba yafike wapi, taa ziwake wapi na taka zizolewe wapi. Mji ulipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, wakazi wake walio wengi walikuwa Waafrika, lakini madaraka ya mji yalikuwa mikononi mwa wachache.

Mkoloni alipolazimika kuruhusu uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na 1959, aliitumia hila hiyo hiyo kwa nchi nzima. Tanganyika iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo likapewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia. Mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Ndiyo maana uchaguzi ule uliitwa wa kura tatu. Tena, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Kwa hesabu ya watu ya 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Viti vyao vikawa sawa kwa idadi.

Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua kuingia katika uchaguzi huo pamoja na ubovu wake, na TANU ikaushinda. Mwaka 1960 ilipata viti 70 kati ya 71, na mwaka huo huo Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Kada anayesoma historia hii asiishie kwenye ushindi tu. Aangalie pia silaha iliyotumika kumpunja mwananchi. Mkoloni hakuhitaji kuiba kura hata moja: ilimtosha kugawa viti bila kuhesabu watu.

Mipaka baada ya Uhuru

Uhuru ulifuta rangi katika uchaguzi. Haukuweza kufuta kwa siku moja tatizo la watu kuongezeka. Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu 128,742. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 mwaka 1978, watu 2,487,288 mwaka 2002, watu 4,364,541 mwaka 2012, na watu 5,383,728 mwaka 2022. Vijiji na mashamba ya pembezoni yakawa mji, na mji ukazidi kusonga mbele kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa.

Katika miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi. Shina halikuwa kata wala halikuchagua diwani, lakini linatufundisha jambo moja: mpaka wake ulipimwa kwa nyumba zenye watu. Nyumba zikiongezeka, shina jipya lilizaliwa. Mpaka wa kata haujawa na tabia hiyo. Ukishachorwa hukaa miaka mingi, na huku chini yake watu wanahama na kuongezeka.

Uwakilishi wenyewe nao ulipita katika misukosuko. Kuanzia 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa, zikiwemo za miji. Kinondoni, Ilala na Temeke zikaendeshwa kama wilaya chini ya watendaji. Huduma za miji zilidhoofika, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Sheria namba 7 na namba 8 za 1982 zikarejesha serikali za mitaa nchini kote, na halmashauri mpya zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya.

Baadaye vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji. Mwaka 2000 ziliundwa manispaa tatu. Kati ya 2015 na 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kila hatua ilikuwa na sababu zake za utawala. Swali la itikadi ni lile lile kila mara: je, mstari mpya uliwafuata watu?

Kinondoni na Mwananyamala

Wazee hueleza kwamba jina la Mwananyamala linatokana na maneno ya mama kumwambia mwanawe anyamaze wakati wa hatari. Leo Mwananyamala ni mtaa wa zamani uliojaa. Nyumba zimebanana, na hospitali yake inajulikana na mkoa mzima. Mwaka 2002 kata ilikuwa na watu kama 45,000, na mwaka 2012 ilikuwa na watu kama 50,000. Ongezeko hilo halikufika hata moja ya tano. Katika miaka hiyo kumi wilaya nzima ya Kinondoni ilitoka watu 1,083,913 hadi watu 1,775,049, ongezeko linalokaribia theluthi mbili. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wanakwenda kwingine: Wazo, Goba, Kimara, Saranga na Mbezi. Vijana waliozaliwa Mwananyamala ni miongoni mwa waliokwenda kujenga huko, kwa sababu nyumbani hapakuwa tena na kiwanja.

Serikali iliongeza kata, kutoka 27 mwaka 2002 hadi 34 mwaka 2012, lakini tofauti zilibaki kubwa. Kwa hesabu ya 2012, diwani wa Mbweni aliwakilisha watu wasiofika 15,000, wa Mwananyamala watu kama 50,000, na wa Wazo karibu watu 90,000. Wote walikaa katika baraza moja. Kwa lugha nyepesi, ilihitajika sauti za wakazi 6 wa Wazo kupata uzito wa sauti ya mkazi mmoja wa Mbweni. Hatuwalaumu wananchi wa Mbweni, ambako nyumba zilikuwa chache na zimetawanyika. Tunaonyesha kinachotokea pale mstari unapochorwa kwa eneo peke yake.

Kinondoni ilipogawanywa, kata hizo 34 ziligawanywa pia: 20 zikabaki Kinondoni na 14 zikaenda Ubungo. Sensa ya 2022 ilikuta Kinondoni ina watu 982,328 na Ubungo ina watu 1,086,912. Wastani wa kata moja ya Kinondoni ni watu 49,000 hivi. Wastani wa kata moja ya Ubungo ni zaidi ya watu 77,000. Wilaya yenye watu wengi zaidi ndiyo yenye madiwani wa kata wachache zaidi.

Madhara hayaishii katika kuhesabu mikono. Mipango mingi ya maendeleo hugawa huduma kwa kata. Kampeni ya shule za sekondari za kata iliyopamba moto mwaka 2006, na mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007 ukilenga kituo cha afya kwa kila kata, zote zilitumia kata kama kipimo. Kata ya watu 15,000 ikipata kituo kimoja na kata ya watu 90,000 ikipata kimoja, hesabu ya makaratasi itaonyesha usawa, lakini foleni ya akina mama wenye watoto itaonyesha jambo jingine.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kugawa tu ni kutenda haki. Kata mpya ina gharama zake: ofisi, watumishi, posho za madiwani. Ikikatwa pale ambapo watu hawajaongezeka, inazidisha upogo na kula fedha za zahanati. Tusisahau pia kwamba kugawa jimbo hakugawi kata zilizomo. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, mawili kati yake yakiwa Dar es Salaam: Kivule, lililotoka Ukonga, na Chamazi, lililotoka Mbagala. Hatua hiyo inahusu uwakilishi wa Bungeni. Uwakilishi katika baraza la madiwani ni suala jingine, na linahitaji kazi yake.

Kosa la pili ni kuchora mpaka kwa kumtazama mtu badala ya watu. Nchini Uingereza, kabla ya mageuzi ya 1832, Old Sarum, mahali palipokuwa pamekwisha hamwa, palipeleka wabunge wawili, na mji wa viwanda wa Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Wenye ardhi waliitetea mipaka ile kwa sababu iliwalisha. Hata katika kata zetu anaweza kutokea kiongozi anayekataa mpaka usiguswe kwa sababu anaogopa kupoteza mtaa unaompa kura, au anayetaka kata ikatwe ili rafiki yake apate kiti. Huo ni ubinafsi, hata ukivaa sare ya Chama.

Jirani zetu wa Kenya wameweka kipimo ndani ya Katiba yao ya 2010: idadi ya watu ya jimbo au wadi inaweza kupishana na wastani kwa asilimia 40 katika majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Katiba yetu nayo inataka majimbo yapitiwe angalau kila baada ya miaka 10, kwa kuzingatia idadi ya watu, jiografia na mawasiliano. Roho hiyo hiyo inapaswa kuongoza mipaka ya kata, hasa mijini ambako umbali si kisingizio kikubwa.

Wajibu wa makada

Pendekezo la mpaka huanza kwa wananchi: mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati za ushauri za wilaya na mkoa, hadi wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa. Kada ana nafasi katika ngazi karibu zote hizo. Wajibu wake wa kwanza ni kuingia kikaoni akiwa na hesabu ya sensa mkononi, na kuisoma kwa sauti. Wajibu wa pili ni mgumu zaidi. Kada wa Mwananyamala lazima awe tayari kusema mbele ya wenzake kwamba kata yao haikukua kama Wazo au Saranga, na kwamba haki inaweza kuwataka waunganishwe na mtaa wa jirani, au wakae bila nyongeza ili wengine wapate. Kutetea kata yako ni jambo rahisi, maana kila mtu atakupigia makofi. Kutetea usawa unapoipunguzia kata yako ndiko kunakoonyesha kama somo la itikadi limeingia.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kata yenu ilikuwa na watu wangapi kwa sensa ya 2012 na ya 2022? Ilinganisheni na wastani wa kata zote za halmashauri yenu.

2. Ni huduma zipi katika halmashauri yenu zinazogawiwa kwa kata bila kujali idadi ya watu? Ni kata zipi zinazopunjika?

3. Kama usawa ungetaka kata yenu iunganishwe na nyingine, mngewaeleza nini wanachama katika mkutano wa tawi?