Reli Iliyoishia Mpanda

Hapa Sitalike hutasikia honi ya treni. Utasikia viboko wa Mto Katuma. Reli iliishia Mpanda, kama kilomita 35 kaskazini. Tawi hilo la kilomita 210 hivi, linaloachana na Reli ya Kati pale Kaliua, lilikamilika mwaka 1950. Abiria hawakuwa shabaha. Kilichotakiwa ni madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, treni ikabaki na wenyeji: magunia, kuku, ndoo za asali, na safari ya Tabora masika barabara ikiwa tope. Njia yenyewe ni nyembamba: kati ya chuma na chuma ni mita 1 tu, hatua moja ndefu ya mtu mzima.