Waya wa Ardhi Katika Mji wa Mawe

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha jinsi historia ya Goma ilivyoifanya kazi moja ya fundi umeme, yaani kuiunganisha nyumba na ardhi, kuwa ngumu kuliko mahali pengi.

Kwa miaka mingi umeme wa Goma ulitegemea mto Ruzizi, ambao bwawa lake la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Usambazaji ulikabidhiwa SNEL, shirika lililoundwa mwaka 1970. Mafundi walirithi kanuni za Ulaya pamoja na msamiati wake. Neno la Kifaransa terre hujumuisha udongo, nchi kavu na dunia. Nayo kanuni ilidhani kwamba chini ya kila nyumba pana udongo wenye unyevu.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwa Kivu. Wakazi wakajenga upya juu ya mwamba uleule. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu una ukinzani wa makumi ya ohm-mita. Mwamba mkavu wa volkeno hufikia maelfu. Ufito wa shaba hauingii kwa urahisi, na ukiingia hauupitishi umeme vya kutosha.

Hatari huzidi pale ambapo nyumba ya uani huwekewa ubao mdogo wa umeme unaolishwa na ubao mkuu. Fundi aliyekosa ardhi hushawishika kuufunga waya wa ardhi pamoja na nyutro ndani ya ubao huo. Nyutro ikikatika njiani, kila kasha la chuma lililofungwa hapo huweza kubeba volti 220, na anayeligusa huweza kufa.

Njia salama ni kuuvuta waya wa ardhi kutoka ubao mkuu na kuutenga na nyutro. Anayejenga upya alaze shaba tupu chini ya msingi kabla ya kumimina zege. Tena aweke swichi inayokata umeme unapovuja miliampea 30: kwa kikomo cha usalama cha volti 50, ukinzani wa ardhi waweza kufika takriban ohm 1,660, ilhali swichi ya miliampea 500 hudai ohm 100 tu.

Kwa hiyo twapendekeza mafundi wafundishwe kwa Kiswahili kinachotofautisha udongo, mwamba na ardhi. Palipo na neno moja kwa vitu vitatu, mwanafunzi hudhani kwamba kuchomeka chuma penye mawe kumetosha.